Nyayo Mbili za Kuku

Duba Godana akifika mnadani hakuanza kwa kuangalia mifugo. Alianza kwa kuangalia miguu ya wenye mifugo. Mwenye vumbi hadi magotini alikuwa ametoka mbali, Sericho au Korbesa, na mtu wa mbali hawezi kurudi na ng'ombe wake nyumbani, kwa sababu nyasi za njiani ng'ombe hao walishazila wakati wa kuja. Huyo Duba alimpita bila salamu. Alimwacha apigwe na jua. Jua lilipofika utosini, ng'ombe wakaanza kujilaza, ndipo alipomrudia akichokonoa meno.

"Salaam aleikum, ndugu yangu. Hawa wako hai bado?"

Kisha aliingiza mkono chini ya shuka, wakashikana vidole kwa siri, kama madalali wa Isiolo wafanyavyo, ili jirani asijue bei. Mchungaji alitoka hapo akitazama vidole vyake kana kwamba kimoja kimebaki kule ndani.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Korbesa. Aliingia mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini, peku, akiswaga mtamba wa mwisho wa baba yake, na dalali mmoja akamnyoa vivyo hivyo. Duba hakulia. Alimfuata yule mtu hadi hotelini, akasimama mlangoni mpaka akapewa kazi. Miaka michache baadaye yule dalali alikuwa akimwomba Duba chai.

Alichowazidi wenzake ni chapa. Kila ukoo unachoma alama yake kwenye ngozi ya mnyama, na Duba alizijua zote, za Waborana, za Wasomali, za Waturkana. Akitaka bei ishuke, alikuwa anagusa paja la ng'ombe na kuuliza kwa sauti ya kufika hadi kwa askari, "Na hii chapa ya nani?" Hata mwenye mali halali alianza kutokwa jasho. Shahidi wake yuko wapi? Yuko nyumbani, mwendo wa siku kadhaa. Basi, bei ilishuka papo hapo. Na wale wenye mali isiyo halali aliwajua pia, wanaochoma chapa mpya juu ya ile ya zamani hadi isisomeke. Aliwanunulia wanyama wao kwa bei ya ngozi, akawauza kwa bei ya nyama.

Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulimfanya mtu mnene. Wengine waliukumbuka kwa mizoga. Yeye aliukumbuka kama mavuno.

Mwaka uliofuata, mzungu mmoja alisimamisha Land Rover yake kwenye kituo cha petroli. Alikuwa na shamba upande wa Timau, na watu walimwita Bwana Spana kwa sababu mikono yake haikuwahi kutakata. Alikusanya pikipiki za vita kuu, akazifufua moja moja. Alimwita Duba, kwa kuwa kila mtu alimwambia kwamba kitu kisichojulikana na Duba hapo Isiolo hakipo.

"Mimi nataka pikipiki ya jeshi. BSA. Wazee huku nanunua zamani, baada ya vita ya Mtaliano. Lakini sikia, mimi hapana taka skrapu. Nambari ya shingo lazima iko. Nambari ya injini iko. Nambari ya tangi, ile naanza na C, iko. Rangi ya zamani iko. Kama nambari hapana, mimi hapana taka hata bure."

"Nambari inavuta mzigo, bwana?" Duba aliuliza.

"Nambari nasema hii mtoto ya nani. Nafanya kazi wapi, na kikosi gani, karakana gani nashona yeye tena. Bila nambari ni chuma tu."

Bwana Spana alichora kwenye vumbi la boneti mshale mmoja, mistari mitatu iliyokutana mbele. "Moja hivi, mali ya jeshi." Akachora wa pili, ncha ikigusa ncha ya ule wa kwanza. "Mbili hivi, pua kwa pua, jeshi nauza. Hapana wizi. Safi kabisa." Akasema bei yake. Duba aliangalia pembeni ili macho yasimsaliti. Kwa bei ile mtu angepata ngamia wawili wa maziwa, na mwingine wa kubeba mizigo, na bado akabaki na ya kuchezea.

Na alama ile Duba alishaiona. Ilikuwa mtaa wa Bulla Pesa, nyuma ya nyumba ya Kabale, mjane wa Galma, mara moja alipokwenda kununua ngozi zake.

Wakati wa vita vya Mtaliano, Galma aliwaonyesha askari njia ya kwenda kaskazini. Vita vilipokwisha na jeshi likauza vitu vyake, alitoa fahali mzuri akachukua pikipiki. Hakujua kusoma, lakini aliweza kukusomea pikipiki ile kuliko mwalimu na kitabu. Huku kwenye tangi imebonyea, ni mawe ya Mega, kule Ethiopia. Hii picha ndogo ya kichwa cha swara kwenye madigadi ni alama ya kikosi. Hiki kibati chenye maandishi kimepigiliwa karakana, mwaka ilipobadilishwa pistoni. Aliiendesha hadi Sericho, watoto wakipanda miti kwa hofu. Vita vya shifta vilipokuja, ngamia wake waliisha wote kwa risasi za serikali, akahamia mjini na mke wake na ile pikipiki bubu. Kabla ya kufa alimwambia Kabale neno moja la biashara: asiiuze chini ya ngamia wawili wa maziwa.

Maneno hayo Kabale aliyashika kama dini. Huko Sericho shemeji yake, Arero, alikuwa radhi kumpokea, lakini mjane mwenye wanyama wake anakaribishwa kama mtu, na mjane mtupu anapewa kona na masufuria ya kusugua. Kabale alishasugua masufuria ya watu mjini miaka mingi. Alitaka kurudi kwao nyuma ya ngamia wake mwenyewe. Ndiyo tamaa pekee aliyokuwa nayo, na mtaa mzima uliijua, Duba akiwemo.

Kama Duba angemwambia ukweli, kila mmoja angekula. Mama angepata ngamia, mzungu pikipiki, na dalali fungu lake nono. Lakini Duba hakuwa mtu wa kumwona mwenzake akishiba bila kuumia kwanza. Alitaka bei yote.

"Salaam aleikum, akko," alimsalimu, kama mtu anavyomwita bibi yake.

"Aleikum salaam, Duba. Umepotea njia leo? Mimi sina ng'ombe."

"Nimekuja kukujulia hali tu."

"Hali yangu haina ngozi wala pembe. Utaiuza wapi?"

Jirani yake Akai, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa upande wa pili wa ua, aliangua kicheko. "Mama Kabale, huyo akitoka uhesabu vikombe!"

Duba alicheka nao. Akaenda nyuma ya nyumba, akainua ngozi kavu iliyofunika pikipiki, akachuchumaa. Alipitisha kidole shingoni, pale usukani unapoingilia, akasoma nambari taratibu. Kibati kilikuwapo. Kichwa cha swara kilikuwapo. Na pale chini, zimegongwa ndani ya chuma, ile mishale miwili, pua kwa pua. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akapiga ulimi, ts, ts, ts, kama mganga aliyeona mkojo mbaya.

"Akko, hii alama nani mwingine ameona?"

"Nyayo za kuku? Kila mtu ameona. Galma alisema ni kuku wawili wamekutana njiani na hakuna anayetaka kupisha."

"Galma alikuwa mtu wa mzaha. Hii ni chapa ya serikali."

Katika Isiolo ya miaka ile, mtu aliyeishi miaka ya shifta hakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

"Galma alinunua," Kabale alisema. "Alitoa fahali."

"Shahidi nani?"

"Wazee walikuwapo. Wamekufa wote."

"Basi askari wakija, uwaite makaburini." Duba alifunika pikipiki polepole, kama anayefunika maiti. "Kuna mzungu wa serikali anakuja siku ya mnada. Anakagua chuma zote za vita zilizobaki huku. Ana kioo cha kukuza vitu. Anatafuta hizi nambari tu, na hizi nyayo."

"Akizipata anachukua pikipiki?"

"Pikipiki na mwenye pikipiki."

Mama alikaa kwenye jiwe. Duba aliona, akaridhika. Akangoja kidogo, akatia ile sauti yake ya upole aliyoitunza kwa wajane na wagonjwa.

"Mimi naweza kubeba hii balaa, akko. Nitasema ni yangu. Mimi mwanamume, wakinifunga wamenifunga. Na kwa heshima ya Galma nitakupa mbuzi wawili."

"Mbuzi wawili hawanifikishi Sericho."

"Na gerezani je, kuna mbuzi?"

Hapo ndipo angembana, na kawaida yake angembana. Lakini Kabale alisema, "Nipe mpaka siku ya mnada," na Duba akaona hofu ni kama nyama ya fahali mzee, ukiipa moto wa pole inajitenga yenyewe na mfupa. Akamwachia. Alikwenda kutafuna miraa yake akiwa tayari amenunua kwa fikra mbao za kumalizia nyumba na bati jipya.

Siku ya mnada aliingia Bulla Pesa ameketi mbele, ndani ya Land Rover ya Bwana Spana, mkono nje ya dirisha ili watu wamwone. Mzungu alikuwa anapiga mluzi. Kabale alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda vizuri, na uso wake haukuwa na woga hata chembe. Hilo lilimsumbua Duba. Alimvuta pembeni huku mzungu akitafuta miwani yake.

"Akko, usiseme kitu. Ingia ndani."

"Usiogope, mwanangu," Kabale alimnong'oneza, na akamfinya mkono. "Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Chapa. Nimefikiri, shida si pikipiki, shida ni chapa. Nyinyi wa mnadani mnafanyaje ng'ombe akiwa na chapa ya mtu? Si mnaifunika? Nimemwita Sora mhunzi na tupa yake. Amekwangua shingo, amekwangua injini, zile nyayo hata ukipitisha ulimi huzipati. Kile kibati nimekitupa chooni. Rangi nimesugua na mchanga wa mtoni, nikapaka ile ya kijani iliyobaki kwa mlango wa msikiti. Na kwa kiti nimechoma chapa ya ukoo wa Galma, kwa chuma ile ya ngamia. Sasa ni yetu. Akiondoka huyu tutaiuza safi, nipate ngamia zangu."

Duba alifungua mdomo. Nyuma ya nyumba mluzi ulikatika.

"Duba!"

Pikipiki ilikuwa inang'aa kama kaburi la shehe. Bwana Spana alikuwa amepiga magoti mbele yake, kioo mkononi, akipapasa shingo ya chuma iliyokwanguliwa hadi ikawa nyeupe. Akahamia kwenye injini. Akalala chini kabisa kwenye vumbi, akatazama kwa chini, akainuka. Alikwaruza rangi ya tangi kwa ukucha, na chini ya kijani hakukuwa na C wala chochote, chuma kitupu.

"Nani nafanya hii?"

"Bwana, ilikuwa..."

"Hii tupa napita juzi! Chuma bado mbichi! Wewe naleta mimi kwa mali ya wizi?"

"Si wizi, bwana. Zile mbili zilikuwapo, pua kwa pua, nimeziona na macho yangu."

"Iko wapi?"

Duba aliangalia pale zilipokuwa. Jasho lilimtoka, lile lile alilozoea kuwatoa wengine.

"Iko wapi, nauliza? Shahidi yako nani?"

Shahidi alikuwa nyuma ya mlango, akisikiliza. Kumwita ingekuwa kumwambia kila kitu mbele ya mtaa, na hata hivyo nambari zisingerudi. Bwana Spana alimwita jina moja la mnyama ambaye Mwislamu hapendi kuitwa, akaingia garini, akasema nikikuona karibu na shamba langu nitakupeleka polisi, akaondoka. Duba alibaki amesimama kwenye moshi, na njia ya kurudi mjini ilikuwa ya miguu.

Ndipo vigelegele vilipolipuka.

"Amekosa!" Kabale alitoka akiruka kama msichana. "Ametafuta na kioo chake amekosa! Umemsikia alivyokasirika? Ee Mungu, mbariki Duba!" Alimshika mikono yote miwili, akaitemea mate mepesi ya baraka viganjani, kama wazee wanavyomfanyia kijana aliyerudi na wanyama salama.

Akai alikuwa amesimama uani, gunia miguuni. Zamani alikuwa yaya kwa wazungu wa Nanyuki, na hakuna neno lililompita.

"Mama, wewe mjinga? Huyo mzungu hakuwa serikali. Alikuja kununua. Alitaka hizo nambari! Muulize huyo fisi."

Duba alingoja. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo au la, na hakuhitajika kulisema, kwa sababu Kabale alijibu mwenyewe.

"Akai, mnunuzi anapiga kelele hivyo? Mnunuzi analala chini kutafuta alama? Duba amenionya wakati nyinyi majirani mlikuwa mnacheka. Wivu tu."

"Haya," Akai alisema, akabeba gunia lake. "Kufa na baraka zako."

Njiani kurudi mjini, Duba alikuwa amekasirika kiasi cha kutaka kurudi amwambie yule mama alichokipaka rangi ya msikiti ni nini. Angependa kuuona uso wake. Lakini alipofika barabara kubwa ya Ngaremara hasira ilikuwa imetulia na akili ya biashara imerudi, akaona kwamba uso ule ukiachwa jinsi ulivyo una faida.

Baada ya siku chache alimrudia. Alimweleza kwamba hatari haijaisha, mzungu anaweza kurudi na wengine, afadhali chuma kitoke uani kwake kabisa. Hakutaja tena mbuzi wawili. Alileta mmoja, dume, tena mwenye pumu, na Kabale akakaribia kumkataa kwa aibu ya kupokea zaidi baada ya kuokolewa. Injini Duba alimuuzia mtu wa kinu cha posho, aliyeivunja achukue vipuri. Fremu ilikwenda kwa fundi wa mikokoteni. Kiti chenye chapa ya ukoo wa Galma hakikupata mteja, kikakaa nje ya banda la fundi, mbwa wakikilalia.

Kabale hakwenda Sericho. Alirudi kwenye masufuria ya watu. Lakini kila mtu wa huko aliyeingia mjini na mnyama alipitia kwake, na kila mmoja aliambiwa habari za Duba Godana, mtu anayeogopa Mungu, aliyesimama mbele ya mzungu wa serikali akatukanwa jina la nguruwe kwa ajili ya mjane. Watu waliokuwa wakimkwepa Duba mnadani sasa walimtafuta. Walikuja na miguu yenye vumbi hadi magotini, wakaingiza mkono chini ya shuka bila kubishana. Katika maisha yake yote hakupata mpiga debe mzuri kama yule, wala wa bei rahisi kama yule.

Arero alikuja ukame uliofuata. Kisima chake kilikuwa kimeporomoka, na alileta ngamia wawili wa kike, wenye maziwa, waliofiwa na ndama wao njiani. Kabale alikuwa pamoja naye mnadani. Arero alikuwa anasitasita. Alimwambia Duba wazi, mbele ya shemeji yake, kwamba amefikiria kumuuza mmoja tu, na huyu wa pili kumwachia Kabale. Mvua ikinyesha, mama arudi naye nyumbani. Ni mke wa ndugu yake, na amekaa mjini mno.

Kabale alimtazama yule ngamia, kisha akamtazama Duba, macho yamejaa, akingoja neno la mtu anayemwamini.

Duba alizunguka ngamia. Wawili walikuwa na bei kwa mwenye lori la nyama ya Nairobi. Mmoja peke yake lori lisingemsubiri.

"Ngamia mjini, akko? Utamlisha karatasi? Atakufa kabla ya mwezi, na Arero atakuwa amepoteza. Auze wote. Mvua ikija atakutafutia mwingine mzuri zaidi."

Arero alimgeukia Kabale. "Wewe unasemaje?"

"Msikilize Duba," Kabale alisema. "Yeye ndiye anajua."

Mikono iliingia chini ya shuka na kutoka. Ngamia walivutwa kuelekea lori kwa kamba na viboko, wakilia. Wa kwanza alishapandishwa na kufungwa magoti wakati Kabale alipomshika Duba kwenye ukingo wa shati.

"Mwanangu, waambie wangoje kidogo. Nimkamue huyu wa pili. Miaka mingi sijashika."

"Haraka, basi. Dereva hana siku nzima."

Alimkamua amesimama, mguu mmoja umeinuliwa juu ya goti la mwingine, kikombe cha bati juu ya paja, kama alivyofanya alipokuwa mke wa mtu. Vidole havikuwa vimesahau. Povu lilipanda hadi ukingoni. Hakuonja. Alikibeba kwa mikono miwili akampelekea Duba, mtu wa kwanza.

Duba alikunywa yote, akampa kikombe, akampigia dereva mkono aondoke.